Mto Chini ya Goti la Deolinda

Kwa miaka thelathini na nane Deolinda Báez alipanda mabasi bila kulipa nauli. Alisimama kwenye kizuizi cha ushuru nje ya mji wa Potrero Ybaté, aproni nyeupe kifuani na kikapu kichwani, na basi la kwenda Asunción lilipoanza kupunguza mwendo yeye alikuwa ameshashika bomba la mlangoni. Mguu wa kulia kwanza, kisha mwili, kisha kikapu. Alipita katikati ya viti akiuza chipa za moto, ile mikate ya wanga wa muhogo, jibini na mayai ambayo harufu yake imewashinda hata waliofunga. Kilomita nne mbele aliteremka, akavuka barabara na kupanda basi jingine la kurudi. Mara ishirini kwa siku, na siku za sikukuu hata thelathini. Madereva walimjua kwa jina na kwa ulimi. Dereva aliyempita bila kusimama alijua kesho yake atasikia habari za ukoo wake mbele ya abiria wote.

Mguu wa kulia kwanza, na goti la kulia ndilo lililoumia. Lilianza kwa kulialia kama bawaba isiyo na mafuta, likaendelea kwa kuvimba, na alipotimiza miaka sitini na sita mguu ulikuwa umepinda kama upinde na goti limekuwa na ukubwa wa papai changa. Alipaka mafuta ya mamba. Alikunywa majani ya kila aina yaliyotwangwa ndani ya tereré, kile kinywaji baridi cha majani machungu wanachonyweshana Waparagwai mchana kutwa. Alikwenda kwa miguu hadi kwa Bikira wa Caacupé pamoja na mahujaji, jambo ambalo kwa mtu mwenye goti bovu ni sawa na kuzima moto kwa petroli. Aliporudi hakuweza kushuka kitandani siku tatu.

Ndipo mwanawe Derlis, fundi wa pikipiki, akampeleka kwa daktari wa mifupa Asunción. Dokta Insfrán alikuwa mwanamume mrefu mwenye saa nzuri na haraka nyingi. Alitazama picha ya eksirei, akasema goti limekwisha, gegedu hakuna, mfupa unasaga mfupa. Litatolewa liwekwe la chuma na plastiki.

"Na baada ya hapo?" Deolinda aliuliza.

"Wiki sita, mama, utacheza polka."

Deolinda alimwamini. Aliyechoka kuumwa huamini haraka kuliko mtoto. Siku ile alirudi nyumbani amehesabu vidoleni: operesheni mwezi wa tano, mwezi wa saba yuko kwenye kizuizi chake.

Operesheni ilikwenda vizuri, ndivyo wote walivyosema. Alipozinduka alihisi kama mtu ameegesha lori juu ya mguu wake. Siku ya pili wauguzi walimsimamisha akatembea hatua sita kwa fremu huku jasho likimtiririka, na siku ya nne akaruhusiwa. Kabla ya kuondoka alimwona dokta akizungumza na Derlis mlangoni. Alimkabidhi karatasi mbili, akamgusa bega, akaenda zake. Kwa Deolinda alipunga mkono tu.

"Amesema nini?" Deolinda aliuliza ndani ya gari.

"Amesema upumzike, mama. Na dawa kwa wakati."

Nyumbani alimkuta mdogo wake, Zunilda, ameshatandika kitanda. Zunilda alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua huohuo, ambamo wote wawili walitumia tanuri moja la udongo. Alikuwa ameshona mto mpya wa manyoya ya bata. Aliunyanyua mguu wa dada yake taratibu kama anayenyanyua mtoto mchanga, akauingiza mto chini ya goti. Goti likakunjika kidogo, likatulia. Kwa mara ya kwanza tangu hospitalini maumivu yakarudi nyuma hatua moja.

"Hapohapo," Deolinda alisema. "Usiutoe."

Basi haukutolewa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zunilda alimletea supu kitandani, akamchoma zile sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, akamsuka nywele. Alimsindikiza chooni na kumrudisha, na kila aliporudi mto ulikuwa pale unamngoja. Derlis alipita asubuhi kabla ya kwenda gereji na jioni akirudi. "Usijichoshe, mama," alisema kila mara.

Na majirani walikuja. Lilikuwa ni jambo ambalo Deolinda alishindwa kuwasamehe hata baadaye. Walikuja na viti vyao na chupa zao za tereré, wakaketi kuzunguka kitanda kama watu waliokuja kutazama ng'ombe wa mnadani. Ña Pabla ndiye aliyezidi. Huyu Pabla, ambaye mitaani huitwa Ña kwa heshima ya umri kama Deolinda mwenyewe, alikuwa amebadilishwa magoti yote mawili miaka mitatu nyuma.

"Mimi wiki ya tatu nilikuwa nafagia uwanja," alisema Pabla huku akinyonya bomba la tereré. "Wiki ya tano nilicheza harusi ya mjukuu wangu. Wewe je, bado tu?"

"Bado."

"Labda wewe moyo wako mwepesi. Mimi tangu utotoni nilikuwa mgumu."

Deolinda alilitazama gongo lake lililoegemezwa ukutani akapima umbali. Lilikuwa mbali. Pabla alipona kwa hilo tu.

Hasira yake ilianza hapo kidogo kidogo, kama maziwa yanayopanda ndani ya sufuria. Alikuwa mwanamke wa barabarani, aliyezoea upepo na vumbi na kelele, na sasa dunia yake ilikuwa dari yenye ufa na nzi wawili. Alikasirikia supu. Alikasirikia redio. Alisikia honi za mabasi kwa mbali, akajua hilo ni la saa nne, na kuna msichana fulani wa upande wa Itá amekwisha kusimama mahali pake na kikapu chake. Alilikasirikia goti zaidi ya vyote. Alilisemesha. Aliliambia limeletwa kutoka ng'ambo, limewekwa na daktari mwenye saa ya dhahabu, na bado ni vivu kuliko lile la kwanza alilopewa bure na mama yake.

Wiki ya sita ilifika. Polka haikuonekana. Kutembea kwenyewe kulikuwa kwa magongo mawili, mguu umebaki nusu mkunjo kama wa kuku aliyefungwa, hauendi mbele wala nyuma. Derlis alipoona hivyo alimpeleka kituo cha afya cha wilaya, ambako kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Noelia Britos, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu mwenye mikono minene ya kukanda unga. Zunilda naye alikwenda, amebeba mto kwapani ili dada yake asiumie njiani.

Noelia alimlaza kwenye kitanda, akachukua kipimo chake, rula mbili za plastiki zilizounganishwa kwa msumari, akakiweka ubavuni mwa goti.

"Nyoosha."

Deolinda alinyoosha. Goti liligoma.

"Kunja."

Alikunja. Liligoma mapema zaidi.

Noelia aliandika, akapima tena kana kwamba hajaamini. "Linakunja digrii hamsini na tano, Ña Deolinda. Kwa wiki sita lingetakiwa kufika tisini au zaidi. Na halinyooki, linabakiza ishirini. Nyumbani mnafanya zoezi lipi?"

"Zoezi gani?"

"Yale yaliyo kwenye karatasi. Kila mgonjwa hupewa."

Noelia alimtazama Zunilda, akauona ule mto. "Na huo mnauweka wapi?"

"Chini ya goti," Zunilda alisema kwa fahari kidogo. "Usiku na mchana. Sijautoa hata siku moja."

Noelia alivuta pumzi. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyewahi kueleza jambo hilo mara nyingi. Goti lililopasuliwa linatengeneza kovu ndani, na kovu ni kama gundi. Usipolinyoosha na kulikunja kila siku, gundi inakauka jinsi ulivyoliacha. Mto chini ya goti ndio adui wa kwanza, kwa sababu unaliacha nusu mkunjo, na huko ndiko linakogandia. Barafu, ndiyo. Dawa, ndiyo. Mto, hapana, hata iweje.

Zunilda aliketi chini akaanza kulia, mto mapajani.

Deolinda hakulia. Aligeuza kichwa akamtafuta mwanawe. Derlis alikuwa dirishani anatazama pikipiki za watu.

"Derlis. Karatasi iko wapi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza iko wapi."

Ilikuwa kwenye droo ya gereji, chini ya kadi za pikipiki. Derlis aliisema habari yote palepale. Dokta alimwambia mama atapaswa kukunja goti mara tano kwa siku, na kwamba litamuuma sana, kwamba atapiga kelele na wao wasimwonee huruma. Yeye Derlis alijaribu siku ya kwanza kuitoa ile karatasi. Alimkuta mama amelala, uso umelegea, akasema kesho. Kesho akasema keshokutwa.

"Nilikuonea huruma, mama."

"Huruma," Deolinda alirudia.

Walipofika nyumbani Zunilda alikuwa na kazi ya kumalizia; aliwasha tanuri akaingiza mikate ya mchana, mto bado kwapani. Deolinda alijikokota na magongo yake hadi uani, akasimama mbele ya dada yake, akamnyang'anya ule mto. Aliondoa kifuniko cha tanuri akauvurumisha ndani. Manyoya ya bata yaliungua kwa harufu ambayo mtaa mzima uliikumbuka, na chipa sitini zilitoka na ladha ya mzoga. Mbwa wenyewe walizinusa wakaondoka.

"Mmenilemaza," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyowatisha. "Nyinyi wawili. Mngenipiga kwa mchi ningewaelewa. Mmenilemaza kwa supu."

Tangu siku ile hakumsemesha Zunilda. Ua ni mmoja, tanuri ni moja, na watu wawili walipishana humo kama mabasi ya pande mbili. Aliyeteseka zaidi alikuwa Derlis, kwa sababu ndiye aliyegeuzwa tarishi.

"Mwambie shangazi yako chumvi imezidi."

"Mama, shangazi huyu hapa."

"Namwona. Mwambie."

Wiki ya nane walirudi kwa Dokta Insfrán. Dokta alilishika goti, akajaribu kulikunja, akashindwa. Aliketi nyuma ya meza yake, akamgeukia Derlis.

"Mama yako hakufanya mazoezi. Wazee wengine ni wakaidi, huwa tunawaona. Sasa itabidi uamue kama..."

Deolinda aliunyanyua mkongojo akaugonga juu ya meza. Hakugonga kwa nguvu, lakini kikombe cha kalamu kiliruka.

"Daktari, goti liko kwenye kiti hiki. Kiti kile kina fundi wa pikipiki."

Dokta alimtazama. Labda ndiyo mara ya kwanza.

"Miezi mitatu iliyopita uliniambia wiki sita nitacheza polka," Deolinda aliendelea. "Mimi nimeuza mikate barabarani tangu wewe uko shuleni. Nimenyeshewa na mvua, nimeanguka kwenye lami na kikapu, nimejifungua huyu nikiwa nimetoka kazini jioni yake. Ungeniambia itauma, ningeuma meno nikafanya. Hukuniambia. Ulimwambia yeye mlangoni, na yeye moyo wake ni siagi. Halafu leo mkaidi ni mimi."

"Kwa kawaida tunawaeleza ndugu, mama. Mgonjwa anakuwa bado ana dawa kichwani."

"Ndugu ndiye aliyepasuliwa?"

Kulikuwa na muuguzi mlangoni ameshika faili. Alikwenda akarudi bila sababu. Dokta Insfrán aliondoa miwani, akaisugua kwa ncha ya koti kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyotaka.

"Hapana," alisema hatimaye. "Ulipaswa kuambiwa wewe. Hilo ni kosa langu."

Kisha alifanya jambo ambalo Deolinda alimpa alama kwa ajili yake, ingawa hakumwambia. Alivuta kiti akaketi mbele yake, akachora goti kwenye karatasi. Alimwonyesha kovu lilipojishika. Alisema kuna njia: atalazwa usingizi kwa dawa, halafu yeye daktari atalikunja goti kwa nguvu hadi lile kovu lichanike. Hakuna kisu. Lakini kuna hatari, ni nadra, mfupa kuvunjika. Na kesho yake asubuhi lazima mazoezi yaanze na yasisimame hata Jumapili. Akikaa wiki moja bila kukunja, kovu litarudi, na yote yatakuwa yamefanywa bure.

"Na hata ukifanya yote," alisema, "siwezi kukuahidi litakuwa kama la mtu mwingine."

"Litauma?"

"Sana."

"Hilo neno nimelitafuta miezi miwili," Deolinda alisema. "Nipe kalamu."

Alitia sahihi mwenyewe, herufi moja moja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Derlis alipotaka kumwelekeza mahali pa kuandika alimtazama, naye akaurudisha mkono.

Operesheni hiyo isiyo na kisu ilifanyika wiki iliyofuata. Alipozinduka mguu ulikuwa umevimba na una rangi ya biringanya, na dokta alimwambia goti lilikunja hadi digrii mia na kumi akiwa usingizini. Asubuhi yake alianza. Siku tano za juma alikwenda kwa Noelia, Jumamosi na Jumapili alifanya nyumbani. Gari la Derlis lilikuwa bovu, kwa hiyo alikwenda kwa basi, lilelile la njia yake.

Siku ya kwanza basi lilisimama kwenye kizuizi, naye akashindwa kupanda. Ngazi ya kwanza ilikuwa juu kama ukuta. Kondakta, Ramón Vega, aliyekuwa amemjua miaka kumi na tano, aliteremka, akamshika kwapani, akampandisha mzimamzima.

"Leo kikapu ni wewe, Ña Deolinda," alisema, na abiria wakacheka.

Deolinda hakucheka. Aliketi kiti cha mbele, mguu kwenye ujia, uso umemwiva. Kituo cha pili aliingia yule msichana wa Itá na aproni yake nyeupe. Alikuwa mwepesi kama mbuzi. Akamwinamia: "Chipa, bibi?" Hakumjua. Deolinda alinunua moja, akaitafuna hadi mwisho, akaona wanga mwingi jibini kidogo, na hilo likamtuliza kwa dakika mbili hivi.

Kwa Noelia hakukuwa na supu. Alimlaza kifudifudi, akaushika mguu kwenye kifundo, akausukuma kuelekea makalioni. Kuna mahali ulifika ambapo Deolinda alihisi kama ngozi inachanwa kutoka ndani. Alimtukana. Alimtukana Kihispania kikaisha, akahamia Kiguarani, ambacho kwa matusi kina ghala kubwa zaidi. Wagonjwa wengine waliacha mazoezi yao wakasikiliza.

"Endelea kunitukana," Noelia alisema bila kulegeza mkono. "Ila pumua. Nane, tisa, kumi. Tena."

"Una roho ya nyoka, wewe binti."

"Naambiwa kila siku. Tena."

Siku moja digrii themanini na mbili. Siku tatu baadaye themanini na mbili. Wiki nzima themanini na mbili, na Deolinda akiondoka pale machozi ya hasira yamemjaa, si kwa maumivu bali kwa sababu alikuwa amefanya yote, yote, na lile goti la chuma halikuthamini. Noelia alimwambia kuna siku goti hutulia kabla ya kusogea. Deolinda alimjibu maneno ya kutuliza awapelekee wagonjwa wengine, yeye anataka digrii.

Jioni ya siku hiyo, jua bado halijazama, alikuwa uani kwenye kiti, kitambaa kimepitishwa chini ya unyayo, anajaribu kujivuta mwenyewe. Mkono ulimteleza, akapiga ukelele. Zunilda alitoka jikoni mbio, akasimama hatua tatu mbali, viganja vimefunika masikio.

"Acha, Deo," alisema. "Naomba uache."

Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu mto uungue.

"Unataka nini tena? Uniletee mto mwingine?"

"Unalia kama mama."

Mama yao, Cándida, alivunjika nyonga akiwa na miaka sabini na moja. Mjomba wao alisema akilala atakufa, akaja siku ya tatu na mtu wake mmoja wakamsimamisha kwa nguvu. Alikufa kabla ya mwezi kwisha. Deolinda aliijua habari hiyo. Wote waliijua.

"Wewe uliambiwa jioni," Zunilda alisema. "Ulikuwa barabarani. Mimi ndiye niliyemshika mabega. Mjomba aliniambia shika, nikashika. Aliniita jina langu, Deo. Aliniomba mimi. Nikaendelea kushika."

Kuku walikuwa wakipekua majivu ya tanuri. Zunilda alijifuta uso kwa aproni.

"Nilipokuona umelala na umetulia nilisema huyu hatalia. Si mikononi mwangu."

"Ungeniambia."

"Ungesikiliza? Kila aliyefungua mdomo ulimrukia."

Deolinda alitaka kumrukia hapohapo, akajikuta hana cha kurukia. Kitu kingine kilikuwa kimemkaa kooni tangu zamani, na alikuwa amekizungushia hasira za watu wengine ili asikione. Usiutoe, alisema siku ile. Hapohapo, usiutoe. Pale hospitalini muuguzi mmoja wa siku ya pili alimwambia, lakini kwa haraka, goti likunjwe kila siku hata likiuma. Alilisikia. Alilisikia vizuri, akaamua hakulisikia, kwa sababu mto ulikuwa laini na yeye alikuwa amechoka. Derlis alificha karatasi, Zunilda alileta mto, dokta alisemea mlangoni, na yeye mwenyewe alifumba macho. Hapakuwa na mwizi mmoja wa kumpigia kelele.

Haikumpunguzia hasira. Ilimwongezea mtu mmoja tu kwenye orodha.

"Mimi ndiye niliyesema usiutoe," alisema.

"Najua," Zunilda alijibu. "Nilikuwepo."

Kisha Deolinda akamsukumia kile kitambaa. "Njoo ushike huku. Vuta hadi nikutukane, halafu vuta kidogo zaidi."

"Siwezi."

"Mama hakuna aliyemuuliza. Mimi nakuomba. Vuta."

Zunilda alivuta. Alivuta akilia, na Deolinda akamtukana akilia, na Derlis aliyekuwa anaingia na pikipiki alizima injini langoni akabaki hapo, hajui aingie au arudi. Walifanya hivyo kila jioni miezi mitatu. Wiki ya pili kipimo cha Noelia kilisoma themanini na nane. Kisha tisini na moja. Kisha kikasimama tena mwezi mzima, na siku moja ya baridi, bila hodi, kikasoma tisini na saba.

Hapo kiligota. Mwaka umepita sasa, na ni hizohizo tisini na saba. Dokta Insfrán alimwambia, safari hii akimtazama yeye, kwamba huenda ndio mwisho wake. Deolinda alishukuru kwa kuambiwa, akakasirika kwa kilichosemwa, akamwacha na vyote viwili. Anapanda ngazi kwa kushika bomba, mguu mzima kwanza. Anatembea hadi sokoni bila gongo. Hawezi kupiga magoti kanisani. Anaketi padri akitaka asitake. Na basi linalotembea hatalirukia tena, hilo analijua, ingawa ukimwuliza atakwambia mambo mengine. Zile wiki sita za mwanzo hajamsamehe mtu, hata aliyemsamehe kwa mdomo. Ña Pabla akija kuketi, hupewa kiti kilichovunjika mguu.

Juma Kuu lililopita, Jumatano, siku ambayo kila nyumba ya Potrero Ybaté huwasha tanuri na kuoka chipa za kutosha siku tatu za kufunga, ua wao ulijaa watu tangu alfajiri. Derlis alichanja kuni. Zunilda alisaga jibini. Deolinda alisimama mbele ya karai tangu saa moja hadi saa tano, akakanda unga wa wanga kwa ngumi zake, kilo ishirini na tano, akagoma kuketi. Shemeji mmoja aliyetoka Villarrica kwa sikukuu alimwuliza goti linaendeleaje.

"Linauma mvua ikija," alisema. "Linauma mvua ikiondoka. Sogea, unanikinga mwanga."

Akageuza donge la unga, akaendelea kukanda.